Kipande hakitoshi: vijana na vichekesho vya filamu bubu

Kipande chenyewe ni cha sekunde chache tu, na huenda umeshakiona kwenye simu bila kujua kimetoka wapi. Kijana mwembamba amesimama nje, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba ya mbao ya ghorofa. Kimbunga kinavuma. Ghafla ukuta mzima wa mbele wa nyumba ile unang'oka na kumwangukia, naye hana habari. Dirisha la juu lililokuwa wazi linapita pande zote za mwili wake, ukuta unatua kwa kishindo na vumbi, na yeye anabaki wima palepale alipokuwa. Anageuka, anaona kilichotokea, anatimua mbio.

Huyo ni Buster Keaton, na filamu ni Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Ukuta ule ulikuwa na uzito wa takriban tani 2, na nafasi kati ya fremu ya dirisha na mwili wake ilikuwa ya inchi chache. Hapakuwa na hila ya kamera, wala hakuna mtu mwingine aliyesimama badala yake. Angesogea hatua moja tu, leo tungekuwa tunasimulia habari ya kifo.

Vipande vya namna hii vimejaa kwenye TikTok, YouTube na Instagram. Yupo Harold Lloyd akining'inia kwenye mshale wa saa juu ya jengo refu katika Safety Last! ya mwaka 1923. Yupo Charlie Chaplin akimezwa na mashine na kuzungushwa kati ya gia katika Modern Times ya mwaka 1936. Wanaovitazama na kuvisambaza wamo vijana waliozaliwa miaka 70 au 80 baada ya filamu hizo kutengenezwa. Kijana aliyekulia kwenye picha za akili mnemba akiuona ukuta wa Keaton, swali lake la kwanza ni kama jambo lile lilitokea kweli. Lilitokea, na nadhani mshangao wake unaanzia hapo. Anaona mwili wa mtu, anaona uzito wa kitu, na kamera imetulia mbali kidogo ili aone vyote kwa pamoja bila kudanganywa.

Nafurahi sana vijana wanapokutana na kazi hizi. Lakini nina ombi kwao, na ndilo lililonifanya niandike makala haya: tazameni filamu nzima. Mabwana hawa walijenga kicheko kwa saa moja na zaidi. Kipande cha sekunde kumi kinakuonyesha mwisho wa jambo ambalo hukuliona likianza.

Chukua ukuta huohuo. Kabla haujaanguka, tumeshakaa muda mrefu na kijana huyo, na tumejua shida yake. Baba yake ni nahodha wa meli ya mtoni, pande la mtu, mwenye mikono ya kazi. Hajamwona mwanawe tangu akiwa mdogo, na anakwenda stesheni kumpokea akitarajia dume kama yeye. Anayeshuka kwenye treni ni kijana mfupi wa chuo, mwenye kofia laini, kisharubu chembamba na kigitaa kidogo mkononi. Uso wa mzee yule unasema yote. Anampeleka kwanza kunyolewa kisharubu, kisha dukani kutafuta kofia ya heshima. Kofia zinavishwa na kuvuliwa moja baada ya nyingine, huku kijana ametazama mbele kama anayejiangalia kwenye kioo, na kila kofia inamgeuza mtu mwingine. Katikati ya zoezi hilo anavishwa kofia bapa ambayo Keaton alijulikana nayo dunia nzima, naye anaiondoa haraka kabla baba hajaiona. Hakuna anayeanguka hapo, wala hakuna kinachobomoka. Kuna baba anayemwonea haya mwanawe, na mwana anayelijua hilo.

Baadaye baba anatiwa ndani, na mwana anamletea mkate mkubwa ambao ndani yake amevificha vifaa vya kukatia nondo. Baba, kwa hasira zake, hautaki mkate. Mwana hawezi kumwambia kilichomo kwa sababu mlinzi anasikia, basi anajaribu kumwelezea kwa vidole na macho nyuma ya mgongo wa mlinzi. Dakika hizo za bubu mmoja kumwomba bubu mwenzake amwelewe ni miongoni mwa vichekesho bora nilivyowahi kuona, na sijawahi kuvikuta vimekatwa na kusambazwa. Kimbunga kinapokuja, tunamwogopea kijana huyu kwa sababu tumeshakuwa upande wake. Na anapowaokoa watu mtoni kwa kufunga kamba kwenye mitambo ya meli ambayo mwanzoni hakujua hata kuigusa, tunacheka na kufurahi kwa pamoja, na baba yake naye yumo katika wanaookolewa.

Keaton aliyajua haya kwa mwili wake. Alizaliwa Kansas mwaka 1895 kwa wazazi waliokuwa wasanii wa majukwaani, akaanza kutumbuiza nao akiwa mtoto mdogo kabisa. Baba yake alikuwa akimrusha huku na huko jukwaani, na mgongoni mwa nguo zake palishonwa mpini wa sanduku ili baba apate pa kumshikia. Mtoto aligundua kwamba akicheka yeye, watu hawacheki. Akikaza uso, ukumbi unavunjika mbavu. Uso ule mkavu aliubeba hadi uzeeni.

Kuna jambo dogo la kiufundi linalowafanya wengi wazidharau filamu hizi kabla ya kuzitazama. Kamera za enzi hizo ziliendeshwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono, na mara nyingi zilipiga picha chache kwa sekunde kuliko 24 zilizokuja kuwa kawaida baada ya sauti kuingia. Picha hizo zikionyeshwa kwa mwendo wa leo bila kurekebishwa, watu wanatembea kama wanaokimbizwa na nyuki. Tafuta nakala iliyorekebishwa vizuri. Utaona watu wenye uzito, wanaopumua.

Kwa mtazamaji wa Kiswahili, filamu bubu zina neema ambayo filamu nyingi za kigeni hazina. Hazitudai lugha. Maandishi machache yanayojitokeza kati ya picha yanaweza kusomwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Chaplin mwenyewe alilipigania hili. Modern Times ilitoka takriban miaka 8 baada ya filamu za sauti kuanza kutamba, na bado alikataa kumpa sauti yule mzururaji wake mwenye fimbo, kofia na viatu vikubwa. Sauti za watu zinazosikika humo zinatoka zaidi kwenye mashine: skrini ya bosi, sahani ya santuri, redio. Mzururaji anafungua kinywa mara moja tu, kwenye mgahawa, anapotakiwa kuimba. Maneno ya wimbo ameandikiwa kwenye vikono vya shati, na vikono vinachomoka na kuruka kabla hajaanza. Anaimba hivyohivyo kwa lugha isiyokuwapo duniani, na kila mtu ukumbini anaelewa kisa. Mtazamaji wa Kigoma na wa Paris wako sawa kabisa mbele ya wimbo ule.

Hilo ndilo linalonifanya nimfikirie Khaby Lame. Alizaliwa Senegal mwaka 2000 na kukulia Italia, akawa kibarua wa kiwandani karibu na Turin, na janga la korona lilipoingia mwaka 2020 akapoteza kazi. Alianza kutengeneza video za bila maneno: mtu anaonyesha njia ngumu ya kufanya jambo jepesi, naye analifanya kwa wepesi, ananyoosha viganja viwili na kumtazama mtazamaji. Kufikia Juni 2022 alikuwa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote kwenye TikTok. Kijana wa Kiafrika aliyeachishwa kazi kiwandani, asiyesema neno, akiuteka ulimwengu kwa uso na mikono. Anayempenda Khaby tayari yuko nusu ya safari ya kwenda kwa Chaplin na Keaton.

Nusu ya pili ni ile mashine ya kulishia wafanyakazi katika Modern Times. Muuzaji anakuja kiwandani kumshawishi bosi kwamba wafanyakazi wakilishwa na mashine, hakutakuwa na haja ya mapumziko ya mchana. Mzururaji anachaguliwa kwa majaribio. Anafungwa kwenye kiti, mikono haina kazi. Bakuli la supu linainuka lenyewe hadi mdomoni. Kijiko cha mashine kinasukuma vipande vya chakula kimoja kimoja. Gunzi la hindi linazunguka mbele ya meno taratibu, na baada ya kila tonge kitambaa cha kufutia mdomo kinakuja kwa adabu. Kisha mashine inapata hitilafu. Hindi linazunguka kwa kasi ya kutisha, supu inamwagikia kifuani, nati za chuma zilizosahauliwa kwenye sahani zinasukumwa mdomoni, na katikati ya vurugu zote kile kitambaa kinaendelea kumfuta mdomo kwa upole uleule. Ni njia ngumu ya kufanya jambo jepesi, na hapo hakuna wa kunyoosha viganja na kuonyesha njia rahisi, maana mwenye mikono amefungwa.

Bosi anaikataa mashine ile kwa sababu moja tu: haifanyi kazi. Mateso ya mtu hayamo katika hesabu yake. Mapema zaidi, mzururaji anajiiba kwenda chooni kuvuta sigara, na sura ya bosi huyo inatokea kwenye skrini ukutani kumwamuru arudi kazini. Mwaka ni 1936. Anayefanya kazi za kupangiwa na programu ya simu, kila agizo likiwa na dakika zake na kila kuchelewa kukiwa na alama yake, hahitaji profesa wa kumweleza Chaplin alikuwa anasema nini.

Katika filamu hiyohiyo kuna tukio la bendera. Lori limebeba mbao ndefu, na bendera nyekundu ya tahadhari inadondoka nyuma yake. Mzururaji anaiokota kwa wema, anaipunga akimwita dereva. Nyuma yake, pembeni ya barabara, linaibuka kundi kubwa la waandamanaji wenye mabango, naye anajikuta yuko mbele yao na bendera mkononi. Polisi wanamkamata yeye kama kiongozi. Nimeifikiria sana dakika ile tangu Juni 2024, vijana wa Nairobi walipoingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha na watu wakakamatwa kwa mamia. Mtazamaji wa Nairobi anajua jinsi mtu anavyoweza kugeuzwa kitu asicho kwa sababu tu alisimama mahali fulani kwa dakika fulani.

Njaa pia. Chaplin alizaliwa London mwaka 1889, na akiwa na miaka 7 aliingizwa kwenye nyumba ya mafukara huko Lambeth kwa sababu mama yake hakuwa na uwezo wa kumlisha. Katika The Gold Rush ya mwaka 1925, mzururaji na mwenzake wamekwama kwenye kibanda kwenye theluji, na chakula cha sikukuu ni kiatu cha kuchemsha. Anakikata kwa uangalifu wa mpishi mkuu, anazungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, anafyonza misumari kama mifupa ya kuku. Kiatu kile cha kuigizia kilitengenezwa kwa peremende nyeusi. Adabu ya mezani aliyoipa kiatu kile ni ya mtu anayejua kukosa.

Siwezi kuwashauri vijana watazame filamu hizi bila kuwaambia yaliyomo ya kuudhi. Katika Seven Chances ya Keaton, ya mwaka 1925, kuna mzungu aliyepakwa masizi kuigiza mtu mweusi. The General, ya mwaka 1926, iliyo bora kuliko nyingi kwa ufundi, inatutaka tuwashangilie wanajeshi wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yaani upande uliopigania utumwa. Mambo haya yasemwe wazi kabla taa hazijazimwa. Mtoto wa Kiafrika asiachwe ayakute peke yake na kujiuliza kama anaruhusiwa kukasirika.

Na aonyeshwe pia Bert Williams. Alizaliwa Bahamas mwaka 1874 na kuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa jukwaani Marekani. Mwaka 1913 aliongoza waigizaji weusi katika filamu ya vichekesho ambayo haikumaliziwa. Picha zake zililala kwenye ghala la jumba la makumbusho la sanaa za kisasa, MoMA, mjini New York, hadi zilipopangwa na kuonyeshwa mwaka 2014 kwa jina la Lime Kiln Club Field Day. Williams mwenyewe amepakwa masizi, kama soko la wakati ule lilivyomlazimisha, lakini waigizaji wengi wanaomzunguka hawakupakwa. Wamevaa vizuri, wanacheza dansi, wanapanda bembea za kuzunguka, wanataniana. Mwishoni yeye na mpenzi wake wanabusiana, kwa utulivu wa watu wanaopendana. Filamu ya namna hiyo, ya watu weusi wakifurahia siku yao, ilikuwepo miaka 14 kabla ya sauti kuingia, na dunia ilinyimwa kwa karne nzima.

Suala la nani anafaidi kicheko nalo ni la leo. Mwaka 1921 Chaplin alitoa The Kid, aliyoigiza pamoja na mtoto Jackie Coogan, aliyekuja kuwa nyota mkubwa. Coogan alipokua akakuta mamilioni ya dola aliyoyaingiza utotoni yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Alikwenda mahakamani mwaka 1938 na kuambulia sehemu ndogo tu, na mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Mwaka 2024 sheria ya jimbo la Illinois ilianza kuwalinda watoto wanaotumiwa na wazazi wao kwenye video za mitandaoni. Nawaomba wazazi wetu wanaorekodi vichekesho vya watoto wao kila siku wakitazame kisa cha Coogan kwa makini.

Na kwetu, yuko Mzee Majuto. Amri Athumani wa Tanga aliwachekesha Watanzania kwa miongo mingi hadi kufariki kwake Agosti 2018, Muhimbili. Katika mwaka huohuo wa ugonjwa wake, mikataba ya wasanii, ya kwake ikiwemo, ilifika mezani kwa waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Leo vijana waliokuwa wadogo enzi zake wanazicheka sekunde zake kwenye simu, na kwake pia naona hasara ileile: unaona uso wake ukibadilika, huoni ni uongo gani alioupika nusu saa nzima hadi uso ule ukabadilika.

Hasara kubwa zaidi ni ya kupotea kabisa. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya karibu filamu ndefu 11,000 za bubu zilizotolewa nchini humo kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la awali. Nyingine ziliungua, nyingine zilioza, nyingine ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Nchi tajiri kuliko zote ilipoteza urithi wake hivyo. Filamu zetu za vichekesho zilizotoka kwenye kanda za video na DVD zinachunika makabatini mwa watu, na yeyote mwenye nakala nzima ya kazi ya Mzee Majuto au ya Mzee Ojwang' wa Kenya aihifadhi kidijitali mwaka huu.

Kwa anayetaka kuanza, filamu za Marekani zilizotolewa kabla ya 1929 zimeshatoka kwenye hakimiliki huko, na nyingi zinapatikana nzima kwenye intaneti bila malipo. Angalizo ni kwamba muziki mpya uliowekwa juu yake huwa una mwenyewe. Anza na One Week ya Keaton, ya mwaka 1920: dakika 20 hivi, maharusi wanajenga nyumba waliyonunua ikiwa vipande kwenye maboksi, na adui amebadilisha namba za maboksi. Kisha The Immigrant ya Chaplin, ya mwaka 1917, kuhusu wahamiaji melini na hesabu ya sarafu moja mgahawani. Kisha Steamboat Bill, Jr. City Lights, ya mwaka 1931, iache ya mwisho. Ni kisa cha mzururaji na muuza maua kipofu anayemdhania kuwa tajiri, na Chaplin alirudia kupiga picha ya kukutana kwao zaidi ya mara 300. Sitasimulia mwisho wake. Nasema tu kwamba ukiutazama bila yaliyotangulia utaona watu wawili wameshikana mikono, basi.

Na mnaomiliki vibanda vya kuonyeshea filamu, ninyi ndio mnaoweza kufanya ambalo simu haiwezi. Filamu hizi zilitengenezwa zichekwe na umati. Kumbi za zamani zilikuwa na mpiga kinanda au bendi chini ya skrini, na Japani ilikuwa na wasimulizi walioheshimiwa kuliko baadhi ya waigizaji. Sisi tunao wetu tayari: Dar es Salaam ilimpata Lufufu, Kenya inaye DJ Afro, na mitaani wako wengi wenye ndimi nyepesi wanaoigeuza filamu yoyote kuwa ya nyumbani. Mpeni mmoja wao The General au Steamboat Bill, Jr., na mwiteni mpiga ngoma au kijana wa kinanda wa kwaya akae pembeni. Watoto wasilipishwe siku ya kwanza. Onyesheni yote, tangu treni inapoingia stesheni na baba anapoanza kumtafuta mwanawe.